Usivuke kwa Mtumbwi wa Nassoro

Sumaili mwanangu,

Salamu sikuandikii. Kesho asubuhi nitakushika mkono hapo mlangoni, na hizo zitatosha. Ukiisoma karatasi hii utakuwa umeshafika Mtwara, umeshalala siku mbili tatu nyumbani kwa Hamisi, na leo ni Ijumaa yako ya kwanza, maana nimeikunja ndani ya kanzu yako nyeupe na kanzu hiyo huifungui ila Ijumaa. Nimefanya makusudi. Nataka muhuri uwe umeshagongwa kwenye pasipoti yako kabla hujajua ninayotaka kukuambia. Ndiyo, nimekutega. Kasirika kwanza, halafu endelea kusoma.

Sasa hivi ni baada ya adhuhuri. Wewe na mama yako mmekwenda vila, mjini kati, kupiga picha upya, kwa sababu zile za juzi umecheka. Jamani, nani anacheka kwenye picha ya kibali? Mimi nimekaa hapa karakanani kwangu, kati ya mageti mawili ambayo wenyewe wamenikimbia, naandika juu ya goti. Mama yako ameshakuhusia kila kitu: chandarua, sala, maji ya kuchemsha, na wasichana wa Mtwara kana kwamba wamekaa stendi wanakungoja wewe. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukujibu swali uliloniuliza ukiwa na miaka kumi na minne.

Unazikumbuka siku zile tulipokimbia vita. Ulikuwa umejitwika sufuria kubwa la mama yako, na kila ukikanyaga vibaya lilikuwa linakugonga sikio. Watu wengi walishika njia ya mtoni, na kwa pale tulipokuwa, mto wa mpaka ndio uliokuwa karibu. Mimi nikawageuza. Nikawapeleka kijiji cha Pundanhar kwa miguu, mchanga mtupu, jua la utosi, mpaka miguu yako ikavimba usiweze kuvaa kandambili. Ukaniuliza, "Baba, mbona sisi hatuvuki kama wenzetu?" Nikakujibu, "Tembea." Ukaniuliza tena, nikakunyanyulia mkono. Sikukupiga, lakini niliunyanyua, na wewe hukuuliza tena mpaka leo. Jibu nilikuwa nalo siku ileile. Niliona haya kulisema.

Hatukuvuka kwa sababu jina langu limeandikwa ng'ambo. Baba yako alifukuzwa Tanzania. Si mwizi, si muuaji, usianze kuhema. Sikiliza.

Nilikwenda Mtwara wewe ukiwa unajifunza kutembea. Ulikuwa wakati ambao kila mwenye kiwanja pale alikuwa anajenga kama amechelewa, na kila anayejenga anataka geti na grili za madirisha. Mzee Chande alikuwa na karakana nyuma ya soko. Mtu mfupi, amehiji, anaongea taratibu mpaka unatamani kummalizia maneno. Huyo ndiye baba wa Hamisi, huyuhuyu Hamisi anayekuombea kibali wewe leo. Sasa utaelewa kwa nini siku Hamisi alipopiga simu akasema, "Mzee amesema mlete kijana," nilitoka nje na sikurudi mpaka chai ikapoa. Mama yako alikuambia nimekwenda kuangalia mita ya umeme. Nilikuwa nyuma ya nyumba nalia.

Basi, nikaingia kwa siku tisini za matembezi. Mtalii! Mimi, ambaye shangazi zangu wawili wameolewa Mtwara, ambaye nikisalimia sokoni pale wananijibu kwa lafudhi yangu, naandikwa mtalii kama mzungu wa kofia. Nilicheka siku ile. Nikatalii vizuri sana: saa moja asubuhi niko na miwani ya kuchomelea usoni, jioni natalii chumba cha kupanga chenye kitanda na ndoo. Ndiyo, nilifanya kazi ambayo muhuri wangu haukuniruhusu. Usinihukumu haraka, ila jua kwamba Hamisi aliposema hutashika hata bisibisi mpaka kibali kitoke, hakuwa anakudharau. Alikuwa mtoto wakati ule, na aliyaona yangu yote.

Siku zikikaribia kwisha nilikuwa napanda gari mpaka Kilambo, kwenye kituo cha mpakani, nagonga muhuri wa kutoka, navuka mto, nagonga kuingia kwetu, nakunywa chai, narudi. Tulikuwa tunaita kugeuza. Sisi wa upande huu tuliokuwa pale, salamu yetu ilikuwa hiyo: "Umegeuza?" "Bado, nina siku nane." Babu yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Alikuwa haamini kalenda ya ukutani. Akaniambia kwa simu, "Hesabu kwa mwezi mwandamo. Miandamo mitatu haizidi tisini. Ya Wareno inazidi." Na kweli. Wenzangu waliokuwa wanahesabu tarehe tano mpaka tarehe tano walikuwa wananaswa na siku moja, siku mbili, wakashangaa kama wamerogwa. Mimi nilikuwa naangalia juu tu.

Lakini mwanangu, kuishi hivyo si kuishi. Utauona huo mji, utaupenda, lugha ni yako, chakula ni chako, na kila kitu utakachoshika kitakuwa kimeandikwa siku. Nilishindwa kununua godoro la maana kwa sababu nilijiuliza litabaki na nani. Mtu akinialika harusi ya mwezi wa tatu, nahesabu kwanza. Nikiumwa nahesabu, nikifurahi nahesabu. Kila nikigeuza, namkuta afisa yuleyule wa dirishani, na yeye naye ameshanizoea, ananiuliza, "Wewe mtalii, huku kwetu hujamaliza tu kutazama?" Nacheka, naye anacheka, na jasho linanitiririka mgongoni.

Mzee Chande akaniona. Akaniambia, "Saidi, huwezi kuzeeka ukigeuza. Tuombe kibali, umlete mkeo na mtoto." Akaniachisha kazi siku hiyohiyo mpaka jibu lije, tukakusanya karatasi. Picha, bilete ya utambulisho, vyeti, barua yake yeye; barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kunitambulisha tukaambiwa ifuate. Tukapeleka wote wawili, tukarudi na risiti. Nilikuwa naitoa ile risiti mfukoni kila saa naiangalia. Chumba cha sisi watatu nilishakipata, kina mlango wake wa nyuma. Shule ambayo ungeanza nilishaiona pia. Niliwahi kusimama nje ya uzio wake nikatazama watoto wanacheza, nikakuweka wewe pale katikati.

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, na mimi nilianguka hapa: kuomba hakusimamishi siku. Una risiti mfukoni, unatembea kifua mbele, unajiona umeshakuwa mwenyeji, kumbe wewe ni mtalii uleule na siku zako zinakwenda. Mzee alikuwa ameniambia. Hata yule mama wa uhamiaji aliyepokea karatasi alisema kwa kinywa chake, "Ukisubiri, tunza siku zako." Nikaitikia, "Naam."

Asubuhi moja simu ikaita. Baba yako mdogo Momade. Akasema, "Kaka, baba ametutoka. Tunazika baada ya adhuhuri."

Nilikuwa na siku sita zimebaki. Nilikuwa na pasipoti mfukoni, na njia ya Kilambo naijua kama chumba changu. Lakini njia ile ina gari la kusubiri lijae, mto wa kusubiri maji, foleni upande huu, foleni upande ule, halafu gari jingine mpaka kwetu Palma. Na kwa binamu yangu Nassoro kuna pikipiki ya moja kwa moja na mtumbwi wake wa kuvushia watu. Wewe unamjua Nassoro. Kwake hakuna dirisha. Bibi yetu alizaliwa upande huu, akaolewa ule, akaja kuzikwa huku, na maisha yake yote hakugongewa muhuri hata mmoja. Kwetu mtu mwenye msiba haulizwi anapita wapi. Sikuwaza hata dakika. Ningekuwa nimewaza, ningekuambia kwamba nilifanya hila, lakini wala sikuhisi nimevunja kitu. Nilikuwa nakwenda kumzika baba yangu, basi.

Nikakuta jeneza limeshainuliwa. Watu wakanipisha. Nikavua viatu nikaingia kaburini, nikampokea mimi mwenyewe, mimi na Momade. Alikuwa mwepesi, Sumaili. Yule mtu aliyekuwa akikohoa nyumba nzima inanyamaza, alikuwa mwepesi mikononi mwangu. Nikamlaza kwa ubavu wa kulia, nikamfungua kamba za sanda, nikamgeuzia uso kibla. Sijawahi kuwa mtoto wa mtu kama nilivyokuwa siku ile. Kitu hicho sikiuzi kwa kibali cha nchi yoyote, na hapo ndipo taabu yangu yote inapoanzia.

Tukakaa matanga. Siku ya tatu tukaanua. Nikasema ningoje hitima ya siku ya saba, mama yangu asibaki peke yake. Wewe ulikuwa unanikalia mapajani unanivuta ndevu. Siku ya saba nakula ubwabwa wa hitima, na kwa maandishi mimi bado niko Mtwara, na siku zangu za utalii zimekwisha jana. Hakuna muhuri wa kutoka kule, hakuna wa kuingia huku. Nikirudi kwa posto, pale kituoni mpakani, watauliza, umetokaje? Nikarudi kwa mtumbwi uleule. Nassoro aliimba njia nzima ili nisilie.

Baada ya kama wiki mbili wakatuita, mimi na Mzee Chande. Nikavaa shati jipya. Mzee akabaki kwenye benchi nje, mimi nikaingia kwa yule mama aliyepokea karatasi. Akafungua pasipoti, akachukua kalamu, akahesabu. Akahesabu tena. Akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, ngoja nirudie, labda nimekosea mimi." Akahesabu mara ya tatu kwa vidole. Kisha akaniangalia.

"Hizi siku zilizozidi, ulikuwa wapi?"

Tazama nilivyokwama, mwanangu. Nikisema nilikuwa Tanzania, nimezidisha siku. Nikisema nilikuwa kwetu, nimetoka na kuingia bila ruhusa, mara mbili. Mlango huu umefungwa na ule umefungwa, na mimi mwenyewe, fundi mageti, ndiye niliyeyafunga yote mawili. Nikafungua mdomo ukatoka uongo.

"Nilikuwa naumwa, mama. Nimelala nyumbani kwa Mzee Chande. Sikuweza kusafiri."

Akamwita Mzee. Hatukuwa tumepatana neno lolote. Mzee akaingia akivuta miguu, yule mama akamuuliza, "Haji, huyu kijana wiki zile mbili alikuwa anaumwa kwako?" Mzee akanitazama. Naona ule mtazamo mpaka leo nikifumba macho. Mtu yule hakuwahi kudanganya hata kuhusu uzito wa bati. Akasema taratibu, kama anavyosema kila kitu, "Ndiyo. Alikuwa anaumwa kwangu." Akapewa karatasi aandike hayohayo, akaandika, akatia saini.

Yule mama akaanza kupanga faili. Na humo ndani ilikuwamo ile barua ya mwenyekiti wa mtaa, niliyoipeleka niliporudi msibani, ambayo mimi kwa uvivu wangu sikuisoma, niliona muhuri tu nikaridhika. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema mno. Alitaka kunisifu. Aliandika kwamba mimi ni mtulivu, nashirikiana na wenzangu, na kwamba mwezi huohuo nilifiwa na baba yangu nikaenda kumzika kwetu Palma, nikakaa huko wiki nzima, na majirani walinichangia rambirambi niliporudi. Yule mama akaisoma. Akaisoma tena. Akaiweka juu ya karatasi ya Mzee, zikalala pamoja. Feni ilikuwa inazunguka juu.

Mwishowe akasema, "Baba, pole kwa msiba." Nakuapia alisema hivyo, na hakunikejeli. Kisha akasema, "Ungekuja hapa asubuhi ya kurudi, ukaniambia umefiwa ukavuka, ningejua pa kuanzia. Sasa una makosa mawili na uongo mmoja, na huyu mzee umemwingiza."

Nikaandikwa. Nikapewa karatasi ya kuondoka nisirudi. Mzee Chande yeye aliitwa, akaitwa tena, msimu mzima anakwenda na kurudi kujieleza mbele ya watoto wadogo kuliko Hamisi wa leo. Alinisindikiza mpaka mtoni, kanibebea begi, mimi nimeshindwa kumtazama. Pale ukingoni akaniambia, "Saidi, kuvuka sikukulaumu. Na mimi ningevuka. Ila ungeniambia asubuhi, tungekwenda wote wawili tukasema kabla hatujaulizwa." Akanikabidhi begi. Angenitukana ningepata nafuu.

Kwa hiyo siku zile za kukimbia, watu wanashuka mtoni, mimi nilimwona yule mama na kalamu yake. Nikaona wananitoa mstarini mbele yenu, wananitenga, wewe na mama yako mnabaki ng'ambo hamna mtu. Labda wasingenitazama hata usoni. Katika zogo lile nani angefungua daftari la miaka kumi nyuma? Sijui. Niliwatembeza mchangani, miguu yako ikavimba, kwa ajili ya uongo niliousema ukiwa na miaka minne. Nisamehe. Hilo ndilo jibu, na nisamehe na ule mkono.

Ukimwona Mzee Chande, mbusu mkono na ukae naye. Usimwombee msamaha kwa niaba yangu, ameshachoka na maneno yangu. Sasa haoni vizuri, anasema Hamisi, na anapenda mtu wa kumsomea. Msomee. Na likikuharibikia jambo lolote huko, umepoteza karatasi, umekosea siku, umefanya upumbavu, nenda kwa Hamisi asubuhi hiyohiyo kabla hujanawa uso. Usimwache asikie ofisini.

Sasa kuna la pili, na hili ndilo lililonifanya nikutege.

Mwezi uliopita nilipokwenda Pemba yetu hii ya bara sikwenda kununua elektrodi za kuchomelea. Nilikwenda hospitali. Daktari ni kijana wa kusini kabisa, amepangiwa kazi huku, Kireno chake cha mbio, lakini ana moyo. Alinionyesha picha akaniambia moyo wangu umekuwa mkubwa kuliko unavyotakiwa, umechoka. Nikamuuliza, muda gani? Akasema, "Pasiensia, papai. Subira, baba, hilo hatulihesabu." Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikakutana na mwenye karatasi asiyehesabu siku. Natumia dawa. Zile za kwenye kopo la chai si za mgongo. Mama yako anajua, na amenilaani kwa kukuficha, kwa hiyo usimlaumu yeye. Ningekuambia, usingekwenda. Usibishe. Ungesema, "Nitakwenda mwaka ujao, baba," na mwaka ujao Hamisi ameshapata kijana mwingine, na wewe uko hapa unaning'inia kati ya mageti ya watu.

Huenda nikaishi mpaka nikakuchosha. Lakini huenda nikaondoka ndani ya hizi siku tisini, au zile zitakazofuata, kibali chako kikiwa bado kiko mezani kwa mtu. Na najua utakachofanya. Simu itaita asubuhi, utaambiwa tunazika baada ya adhuhuri, na wewe hutawaza hata dakika. Wewe ni mimi mtupu, masikio tu ndiyo ya mama yako.

Nimejiuliza mara nyingi: ile asubuhi ikirudi, na nikijua yote, ningevuka tena? Nimeswali, nimejiuliza. Ningevuka, Sumaili. Mungu ananijua, ningevuka. Kwa hiyo siwezi kukuambia uchague vizuri, mimi mwenyewe siwezi kuchagua vizuri. Nimeona bora nikuondolee hilo la kuchagua.

Nimezungumza na Momade. Ataingia kaburini mahali pako, yeye na mwanawe. Alikataa, akalia, akaniita mkatili, mwishowe akakubali. Hawatakupigia. Watakupigia siku ya tatu, matanga yakishaanuliwa, na mama yako ameapa kwa Msahafu ijapokuwa hatuongei tangu alipoapa. Utaudhika na dunia nzima. Utasema wamekunyang'anya baba yako. Ni kweli, tumekunyang'anya, na aliyeamuru ni mimi. Wao waache.

Na kwa Nassoro, ukingo wetu huu, nimekwenda mwenyewe, Jumapili, ulipodhani nimekwenda kupima dirisha la mtu. Nikamwambia, "Mwanangu akija kwako analia, usimvushe." Akaruka. "Kaka, unanifanyia nini? Mtoto wa watu aje na msiba nimwambie arudi? Hapa sijawahi kumrudisha mwenye msiba, baba yangu hajawahi, babu yangu hajawahi!" Nikamwambia, "Ndiyo maana nimekuja mzima. Mwambie baba yako amesema." Akainama akakaza kamba ya mtumbwi. Kisha akasema, "Sawa. Lakini wewe na mimi tutaulizana siku ya kiyama." Sikula kwake siku ile, na yeye ndiye aliyenivusha kwenda kumzika baba yangu. Nimewaharibia watu wengi moyo wiki hii.

Usinisikitikie. Mimi nilimpata wa kunishika mikononi nilipozaliwa, nitampata wa kunishika nitakaposhushwa, na Momade ana mikono mizuri. Kinachoniuma ni kwamba haitakuwa yako. Naandika hivi nikiwa nalia, mageti yote mawili yananiangalia, kama kuna mteja atapita atadhani moshi.

Siku ukipata habari, uvae kanzu hii. Nenda msikitini kwao, mwambie Mzee Chande, atakaa na wewe, anajua kukaa na mtu. Wasome hitima hukohuko. Mtu akikuuliza kwa nini hukwenda kumzika baba yako, na watauliza, watu wetu hawaachi kuuliza, mwambie baba alinikataza. Usiongeze kitu.

Nasikia sauti yako pale kona, unabishana na mama yako. Anasema safari hii umenuna mno kwenye picha. Nitaomba moja, najua umepiga nne na wao wanataka tatu. Nitasema nataka kuiweka kwenye kopo la elektrodi, na wewe utanicheka.

Kibali kikitoka, mwanangu, hata kama nimeshakwenda, njoo. Njoo mchana, na begi lako, kwa njia ya posto. Panga foleni, gongewa kutoka, vuka, gongewa kuingia, mwambie yule wa dirishani unakwenda kumwona baba yako. Halafu uje unisomee Yasini, na ukae kadiri unavyotaka. Huko nitakapokuwa nimelala hakuna anayenihesabia siku. Nitakungoja.

Baba yako,
Saidi